Askari wa h7 analinda nini? Jibu kwa msomaji aliyeanguka kwenye Caro-Kann

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye sataranji, na nikiwa na kete nyeusi nacheza Caro-Kann, ule ufunguzi wa kujibu e4 kwa c6. Nimekariri hatua kumi na mbili za lile tawi la farasi d7. Katika raundi ya nne ya mashindano, mpinzani alicheza kila kitu kama nilivyosoma, nami nikawa namjibu harakaharaka. Hatua ya saba nikasukuma h6 kumfukuza farasi wake aliyekuwa g5. Hakurudi nyuma. Alikula e6! Hatua kumi baadaye nikasalimu amri, na saa yangu ilikuwa karibu haijaguswa. Je, niuache ufunguzi huu, au nikariri zaidi?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole. Kushindwa mapema kunauma, na kunauma zaidi saa inapokuonyesha kwamba muda ulikuwa nao tele.

Ufunguzi usiuache, na wala usiongeze hatua za kukariri. Hizo kumi na mbili zinakutosha kwa mwaka mzima. Ulichokosa ni kujua kila kete uliyoisogeza ilikuwa inalinda nini pale ilipotoka. Nitakuonyesha kwa hatua hiyohiyo ya h6, kwa sababu katika tawi lako hatua hiyo inaweza kuchezwa katika nafasi nne mfululizo. Mbili za kwanza zinakumaliza papo hapo, ya tatu inakumaliza polepole, ya nne ndiyo hatua sahihi. Ni askari yuleyule, anasogea mraba uleule mmoja.

Toa ubao, tafadhali, upange kete. Jibu hili halisomeki vizuri bila ubao mbele yako. Nitataja kete na mraba inapotua (herufi ni ya mstari wa wima, namba ni ya mstari wa mlalo). Askari nitamtaja kwa mraba peke yake.

Nyeupe inaanza e4, Nyeusi c6. Nyeupe d4, Nyeusi d5. Nyeupe inatoa farasi c3, na askari wako wa d5 anakula e4. Farasi naye anamla huyo askari. Sasa ni hatua yako ya nne, na hapa unatoa farasi wa b8 hadi d7.

Simama hapo kwanza. Kwa nini d7? Kwa sababu unataka kumleta farasi mwingine f6, amsukume yule farasi mweupe aliyekaa katikati. Ukimleta f6 moja kwa moja, Nyeupe itamla, nawe utalazimika kurudisha kwa askari wa e7 au wa g7, na safu ya askari wako itaharibika. Farasi akiwa d7, f6 ikiliwa unarudisha kwa farasi na askari wako wanabaki walivyo. Hiyo ndiyo faida, na ni faida kubwa. Anatoly Karpov, bingwa wa zamani wa dunia, aliitegemea kwa miaka mingi.

Lakini kuna gharama, na sidhani kama kuna mtu aliyekuambia. Farasi wa d7 amekaa kwenye mlango wa mfalme wake mwenyewe. Mtazame mfalme wa e8: d8 yupo malkia, f8 askofu, e7 na f7 askari, na sasa d7 farasi. Hana hata mraba mmoja wa kupumulia. Tena farasi huyo amemziba askofu wa c8. Yeyote anayecheza tawi hili anatembea na mfalme aliyebanwa mpaka atakapofungua njia, na hatari zote za hatua tano zinazofuata zinatokana na jambo hilo moja.

Unataka kuona? Badala ya farasi g5, mpe Nyeupe hatua ya tano ya malkia e2. Inaonekana ni hatua ya kivivu, inamziba hata askofu wake mwenyewe wa f1. Wewe unacheza kama ulivyokariri, farasi wa g8 hadi f6. Nyeupe inaweka farasi d6. Chekimeti. Askari wa e7 anamwona farasi huyo pembeni yake kabisa, ila hawezi kumla: akiondoka kwenye mstari wa e, malkia wa e2 anamwona mfalme. Mchezo umekwisha katika hatua sita, na kila hatua uliyocheza imo kwenye daftari lako. Kilichobadilika ni hatua moja tu ya mwenzako.

Sasa turudi kwenye mchezo wako. Hatua ya tano, farasi mweupe wa e4 anaruka hadi g5. Anaitazama f7, na anaitazama e6. Mkono unawasha kumfukuza, sivyo? Jaribu: h6. Farasi anaingia e6 kabisa, anamshika malkia wako wa d8. Ukimla kwa askari wa f7, malkia mweupe anakuja h5, cheki. Unaziba kwa g6. Malkia anakula g6, chekimeti. Angalia ni mraba gani umekuua: g6. Nani alikuwa anaulinda? Askari wa h7, yule uliyemsogeza kwenda h6. Angekuwa bado nyumbani, angemla malkia huyo.

Hiyo ni h6 ya kwanza.

Basi hukucheza hivyo, ulileta farasi f6 na ukafanya vyema, maana sasa malkia mweupe hawezi kufika h5 bila kuliwa. Nyeupe inajibu kwa askofu d3. Mkono unawasha tena. Jaribu h6 ya pili: farasi e6 kwa mara nyingine, askari wa f7 anamla, na askofu wa d3 anakwenda g6. Chekimeti, na safari hii haikuhitaji hata malkia. Ni mraba uleule na mlinzi yuleyule aliyeacha lindo. Mfalme naye bado hana pa kwenda, kwa sababu askari wa e7 hajasogea.

Kwa hiyo unacheza e6. Hatua hii nzuri inafungua njia ya askofu wa f8, na inaziba e6 ili farasi asiingie bure. Nyeupe inaleta farasi wa pili f3. Ni hatua ya saba, na hapa ndipo ulipokuwa.

Ulisukuma h6. Farasi alikula e6 akijua ataliwa. Askari wa f7 akimla, askofu anakuja g6 kwa cheki, ila sasa si chekimeti: e7 ipo wazi na mfalme anapanda hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kujidanganya kwamba h6 inawezekana. Lakini hebu mweke mfalme e7 umtazame. Askofu wa f8 amefungiwa nyuma yake. Askofu wa c8 amezibwa na farasi. Malkia ana njia finyu tu. Una kete moja ya ziada, na kete nne zisizoweza kutoka. Nyeupe inamficha mfalme wake pembeni kwa ile hatua moja ya mfalme na ngome pamoja, inaleta ngome e1, na kila kete yake inaelekea kwa mfalme wako aliyesimama katikati ya ubao.

Usione aibu kwa kosa hili. Tarehe 11 Mei 1997, New York, Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alikaa kucheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue. Walikuwa wamefungana pointi mbili na nusu kwa mbili na nusu. Mwaka mmoja kabla yake, Philadelphia, aliishinda mashine hiyo nne kwa mbili. Alikuwa na kete nyeusi na alichagua Caro-Kann, ingawa silaha yake ya miaka yote dhidi ya e4 ilikuwa ufunguzi wa Sisilia. Wakafika pale ulipofika wewe, hatua kwa hatua. Hatua ya saba, Kasparov akacheza h6.

Deep Blue ikala e6. Haikuhitaji kupiga hesabu hapo. Kafara hiyo ilikuwa tayari kwenye akiba yake ya funguzi, ilishajulikana kuwa ni jibu la h6.

Kasparov hakumla farasi papo hapo. Alimweka malkia e7 ili kumbana yule farasi dhidi ya mfalme wa e1, na kumpa mfalme wake d8 ya kukimbilia. Nyeupe ikamficha mfalme, mbano ukaisha. Ndipo Kasparov akamla farasi kwa askari wa f7, askofu akaja g6 kwa cheki, na mfalme akaenda d8. Kumbuka kanuni: mfalme akishasogea, haki ya kujificha na ngome imepotea moja kwa moja. Nyeupe ikaweka askofu f4, hatua ninayoipenda sana katika mchezo huu, maana bila kelele yoyote imemnyima mfalme mraba wa c7. Kasparov akasukuma b5 kutafuta nafasi upande wa malkia. Mara moja ikaja a4 kumng'ata askari huyo, na upande ambao mfalme alitarajia kupata hifadhi ukaanza kufunguka.

Hatua ya 17 Deep Blue ikatoa askofu f5, hatua ya 18 ngome yake ikamla malkia wa e7, na baada ya c4 katika hatua ya 19 Kasparov akasalimu amri. Mechi ikaisha tatu na nusu kwa mbili na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bingwa wa dunia aliye madarakani kushindwa mechi nzima na kompyuta chini ya muda wa kawaida wa mashindano.

Ukiucheza mchezo huo ubaoni, fuatilia kete moja tu: askofu mweusi wa f8. Hatua yake ya kwanza ni ya 18, alipoila ngome iliyokuwa imekwisha kumla malkia. Ngome zote mbili za Kasparov, ya a8 na ya h8, hazikusogea kabisa. Nimewapa wanafunzi wengi kazi hiyo ya kufuatilia kete moja badala ya mchezo mzima, na kila mara naona mtu akinyamaza anapofika hatua ya 18 na kugundua kwamba askofu alikuwa amelala muda wote huo. Nawe tazama mchezo wako hivyohivyo. Nitashangaa kama askofu wako wa f8 alitoka mapema.

Sasa h6 ya nne, ile sahihi. Hatua ya saba, badala ya h6, mtoe askofu huyo: f8 hadi d6. Kwanza angalia kafara imekwenda wapi. Farasi akila e6 sasa hivi, unamla kwa f7, na askofu akija g6 askari wa h7 anamla, maana bado yupo kwenye lindo lake. Hakuna kitu. Kwa hiyo Nyeupe inajiandaa zaidi kwa malkia e2, na sasa f7 na e6 zinatishiwa kwa dhati. Hapo ndipo unaposukuma h6.

"Lakini nimeiacha g6 tena!" Ndiyo, umeiacha. Jaribu kafara uone. Farasi anakula e6, f7 inamla, askofu g6 cheki, mfalme anapanda e7. Ni e7 ileile, ila askofu wa f8 hayupo tena f8. Amekaa d6 na anafanya kazi, mstari wa nyuma umefunguka, na ngome ya h8 inaweza kusogea upande wa katikati. Malkia mweupe akithubutu kula e6, mfalme wako mwenyewe anamla, kwa sababu hakuna anayemlinda. Una kete ya ziada na kete zako zinapumua. Kwa hiyo Nyeupe haitoi kafara. Inarudisha farasi e4, mnabadilishana farasi, malkia wake anakula e4, nawe unaleta farasi wa d7 hadi f6 umsukume. Huo ndio mchezo wa kawaida wa tawi hili: malkia wako c7, askari b6, askofu wa c8 anapata nyumba b7, kisha mnapigania c5. Mlango alioubana yule farasi tangu hatua ya nne umefunguliwa, na hukulipa chochote.

Nakuomba sana urudie hizo nne ubaoni hadi mkono wako ukumbuke g6 na e7 badala ya kukumbuka namba za hatua. Namba zitakupotea siku ya mashindano. Mpinzani atabadilisha mpangilio, utachoka, saa itagonga. Lakini ukijua kwamba h7 anailinda g6, na kwamba humwachi h7 atoke mpaka mfalme awe na pa kwenda na askofu awe ametoka, hata mtu akikuletea hatua ambayo hujawahi kuiona utakuwa na kitu cha kushikilia.

Kwa kazi ya nyumbani, chukua karatasi uandike hatua zako kumi na mbili, na pembeni ya kila moja maneno machache kuhusu inachopata na inachoacha. Nikuanzishie. Askari c6: inapata msaada kwa d5, inaacha mraba wa asili wa farasi wa b8, ndiyo maana baadaye anajikuta d7. Askari e6: inapata njia ya askofu wa f8, inaacha e6 ikimtegemea askari wa f7, yaani akivutwa f7 njia ya kwenda kwa mfalme iko wazi. Ukishindwa kujaza mstari mmoja, usikimbilie programu ya kompyuta. Programu itakuambia kwamba h6 ni mbaya na itakupa namba, na namba hiyo haitakufundisha kitu kama hujamweka askofu g6 kwa mkono wako mwenyewe. Ifungue baadaye, kuthibitisha.

Na ikitokea tena umejikuta ndani ya kafara hiyo? Wachambuzi wengi wanaona kwamba Kasparov angefanya vizuri zaidi kumla farasi mara moja kwa f7. Mfalme anachukua hatua mbili kufika d8 kupitia e7, hilo ni kweli, lakini malkia anapata c7, mraba bora kuliko e7 anapomziba askofu wa f8. Kisha uwe tayari kurudisha kete moja ili nyingine zitoke. Watu wengi hushindwa hapa kwa kuing'ang'ania faida: wana farasi wa ziada, hawataki kumrudisha, wanakufa naye mkononi.

Kuhusu kuuacha ufunguzi, nataka uelewe unataka kuacha nini. Horatio Caro na Marcus Kann walichapisha uchambuzi wao mwaka 1886. Mwaka 1958 Mikhail Botvinnik alikuwa amepokonywa taji la dunia na Vasily Smyslov. Katika mechi ya marudiano akaja na Caro-Kann, akashinda michezo mitatu ya kwanza, miwili kati yake akiwa na kete nyeusi kwa ufunguzi huo. Mwaka 1961 aliutumia tena dhidi ya Mikhail Tal, mshambuliaji mkali kuliko wote wa zama zake, na akalirudisha taji kwa mara nyingine akiwa na miaka 49. Mtu wa aina ya Botvinnik hakuchagua ufunguzi kwa mtego uliomo. Alitaka safu ya askari isiyo na mashimo na mchezo unaoeleweka. Kama nawe hilo ndilo lililokuvuta, basi uko mahali pako.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonigusa kuliko hata farasi wa e6: saa yako karibu haikuguswa. Katika mashindano mpinzani anapocheza kila kitu kama ulivyosoma, ndipo unapotakiwa kupunguza mwendo, kwa sababu naye amesoma, na anajua tawi linaishia wapi. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, hazikuruhusu kutazama maandishi, na ukimgusa askari kwa nia ya kumchezesha unalazimika kumchezesha. Kwa hiyo kaa juu ya mikono yako kama ikibidi. Farasi akitua g5, jipe dakika mbili kamili, hata kama jibu unalijua. Uliza f7 ikoje, e6 ikoje, g6 nani anailinda, mfalme akipigwa cheki anakwenda wapi. Ni maswali manne tu.

Ukimaliza ile karatasi ya hatua kumi na mbili, nitumie pamoja na karatasi ya mchezo wako wa raundi ya nne, na ujaribu kukumbuka ulitumia muda gani kabla ya h6. Tutaanza na hapo.